Ogata Korin: Mwana wa Duka la Hariri

Ogata Korin anafahamika ulimwenguni kama mchoraji, hasa kutokana na picha zake za maua ya airisi kwenye mandharinyuma ya dhahabu. Hata hivyo, anayetaka kuielewa sanaa yake hana budi kuanzia dukani, baina ya majora ya hariri, kwani huko ndiko alikolelewa.

Korin alizaliwa mwaka wa 1658 mjini Kyoto, Japani. Jamaa yake ilimiliki Kariganeya, duka mashuhuri lililouza kosode, vazi ambalo ndilo chimbuko la kimono cha leo. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Tofukumon'in, mke wa Mfalme Go-Mizunoo aliyekuwa amekwisha kung'atuka. Dukani humo, pambo la vazi lilichorwa kwanza kitabuni. Msanifu alilazimika kujua jinsi tawi moja litakavyotanda mgongoni na litakavyojikunja mvaaji anapopiga hatua. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya Korin.

Mwaka wa 1678 Tofukumon'in aliaga dunia, na duka likampoteza mteja wake mkuu. Soken, babake Korin, alifariki mwaka wa 1687. Korin, ambaye umri wake ulikaribia miaka 30, alirithi mali nyingi akaitumia kwa anasa. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miaka michache alikuwa akiweka rehani vitu vya thamani ili alipe madeni. Nduguye mdogo, Kenzan, aligeukia ufinyanzi. Korin naye akashika brashi kwa ajili ya riziki.

Juhudi zake zilizaa matunda. Mwaka wa 1701 alitunukiwa hokkyo, cheo cha heshima walichopewa wasanii. Pamoja na hayo, fedha hazikutosha. Mnamo mwaka wa 1704 hivi alihamia Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kutafuta wafadhili. Huko alikaribishwa na Fuyuki, jamaa ya mfanyabiashara wa mbao, naye akamchorea mke wa mwenyeji wake kosode ya hariri nyeupe.

Vazi hilo halikutariziwa. Korin alichora kwa mkono, moja kwa moja juu ya kitambaa, kwa wino na rangi nyepesi: maua na nyasi za msimu wa kupukutika majani. Wino ukishanywewa na hariri haufutiki. Kila mchapo wa brashi ulikuwa wa mwisho. Isitoshe, alizingatia mahali ambapo mshipi, yaani obi, ungefungwa, ili usiyafiche maua. Mchoraji wa karatasi asingejua hilo. Mwana wa Kariganeya alilijua.

Korin alirejea Kyoto, akafa huko mwaka wa 1716. Baada ya kifo chake, mapambo yaliyoitwa kwa jina lake yalienea katika vitabu vya ruwaza za kimono, na mwaka wa 1815 mchoraji Sakai Hoitsu aliandaa maonyesho ya kumkumbuka. Urithi wa fedha aliuteketeza mwenyewe. Urithi wa ujuzi haukumponyoka: kosode ile ingali imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na anayeitazama huiona kazi ya mchoraji na ya muuza nguo kwa pamoja.