Jua la Nyeri na Mzee Baden-Powell

Ifikapo mwezi wa Februari kila mwaka, skauti wengi wa Kenya hufunga safari hadi mjini Nyeri kuzuru kaburi moja lililo katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Kaburi hilo ni la Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyeasisi chama cha skauti ulimwenguni. Walimu huandamana na wanafunzi wao, nyimbo huimbwa, mashada huwekwa, kisha watu hurejea makwao. Ni wachache mno waulizao swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi: huyu mzee, ambaye taifa lake lilimpa cheo cha ubwana na ambaye angeweza kuzikwa kwa heshima zote London, alifuata nini Nyeri?

Jibu ni fupi. Alifuata jua.

Mimi ni mzawa wa Migwani, kando ya barabara itokayo Kitui kwenda Mwingi, na jibu hilo halikosi kunishangaza kila nilifikiripo. Kwetu jua si kitu cha kufuatwa. Ndilo linalotufuata sisi. Hukausha mito ikabaki michanga, nasi tukachimba michanga hiyo kutafuta maji. Hunyausha mahindi yangali na kimo cha goti, ndiyo maana mkulima mwenye busara hupanda mtama, mawele, kunde na ndengu. Katika Kikamba jua huitwa syua, na njaa kuu inayokumba nchi nzima huitwa yua. Sikio la mgeni laweza kudhani kwamba ni neno moja. Wazee wetu walizipa njaa hizo majina kama watu wanavyowapa watoto wao, na ile iliyoitwa Ngomanisye, ya mwishoni mwa karne ya 19, ingali inatajwa hadi leo. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo hawezi kusoma habari za mzee aliyevuka bahari kutafuta jua bila ya kusita na kuuliza zaidi.

Basi na tuyatazame maisha yake, maana aghalabu wanafunzi wetu huyajua kwa juu juu tu.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, akafariki mwaka 1860 mtoto akiwa na miaka 3. Mamaye, Henrietta Grace, akabaki na jukumu la kulea watoto wengi peke yake. Kijana huyo alisoma katika shule ya Charterhouse, ambako husemekana alipenda zaidi kupenya vichakani kutazama ndege na wanyama kuliko kukaa na vitabu. Mwaka 1876 alijiunga na jeshi, akapelekwa India. Tangu hapo, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, maisha yake yakawa ni ya kambi na vita, na sehemu kubwa ya vita hivyo ikawa katika bara letu la Afrika.

Hapo ndipo mwalimu mwaminifu hana budi kusimulia yote. Mnamo 1895 na 1896 Baden-Powell alishiriki katika msafara wa kuwatiisha Waashanti, katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Mwaka huo wa 1896 alipelekwa Matabeleland, katika nchi ya Zimbabwe ya leo, kupambana na wenyeji waliokuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Wazungu. Huko aliamuru chifu mmoja aliyekuwa mateka, Uwini, apigwe risasi baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Jambo hilo lilichunguzwa na wakubwa wake, naye akaondolewa lawama. Mchunguzi na mchunguzwa walikuwa wa upande mmoja, Waafrika hawakuulizwa.

Jina lake lilivuma hasa mwaka 1900. Makaburu walipouzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, yeye ndiye aliyeulinda kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Uingereza nzima ilishangilia, naye akawa shujaa wa taifa. Hata hivyo, ndani ya mji ule ule walikuwamo maelfu ya Waafrika, na katika ugawaji wa chakula wao ndio walioumia zaidi. Wengi wao walikufa njaa au wakalazimika kuondoka. Mkalimani mmoja wa mahakama, Solomon Plaatje, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi na mwanasiasa mashuhuri wa Afrika Kusini, aliandika shajara yake humo mjini siku hizo za mzingiro. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1973, na kwayo tunaweza kuuona mzingiro ule kwa macho ya Mwafrika.

Lakini hatuwezi kumfungia mtu katika ukurasa mmoja wa maisha yake. Kutokana na ujuzi wa upelelezi alioupata vitani, Baden-Powell alizua jambo la amani. Mwezi wa Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, wengine wakiwa wana wa matajiri na wengine wana wa wafanyakazi, akawafunza kupiga kambi, kusoma nyayo na kusaidiana. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake Scouting for Boys. Kitabu hicho kilienea kama moto katika nyasi kavu. Mwaka 1910 aliacha jeshi ili awatumikie vijana, na mwaka huo huo skauti wakaanza hapa Kenya. Mwaka 1912, akiwa na miaka 55, alimwoa Olave Soames, msichana wa miaka 23 waliyekutana naye melini, na ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa hiyo hiyo ya 22 Februari. Walijaliwa mwana mmoja na mabinti wawili. Mwaka 1920 vijana waliokusanyika London kutoka nchi nyingi walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Ulimwengu.

Afrika Mashariki hakuijua uzeeni tu. Alipita huku mara ya kwanza mwaka 1906, akachora picha nyingi alizozichapisha mwaka uliofuata. Mwaka 1935 alirudi, safari hii akafika Nyeri kumtembelea Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wake na ambaye sasa alikuwa na hoteli iitwayo Outspan. Mzee alipouona Mlima Kenya ukichomoza asubuhi kwa theluji yake, na alipohisi joto la mchana lisilochoma na ubaridi wa usiku usioumiza, moyo wake uliganda hapo. Mnamo Oktoba 1938, akiwa na umri wa miaka 81 na moyo uliodhoofika, alihama Uingereza pamoja na mkewe wakaja kuishi Nyeri. Walijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli hiyo, wakaiita Paxtu. Nyumba yao kule Uingereza iliitwa Pax Hill, na neno pax kwa Kilatini ni amani. Hii ya Nyeri ikawa amani yao ya pili.

Miaka yake miwili na miezi kadhaa hapo ilikuwa ya utulivu. Alichora ndege na wanyama, akaandika vitabu vidogo, akaota jua barazani. Katika nyumba hiyo walifuga hata pimbi mmoja. Tarehe 8 Januari 1941 alifariki, akazikwa mahali panapoelekea mlima alioupenda. Juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa skauti maana yake ni kwamba mwenye safari amekwenda nyumbani. Mkewe alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa pamoja naye. Mwindaji na mwandishi Jim Corbett, aliyehama India mwaka 1947, aliishi katika nyumba iyo hiyo ya Paxtu hadi alipofariki mwaka 1955, naye pia akazikwa katika makaburi yayo hayo.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja apone yeye, na sioni dhambi katika hilo. Mzee mgonjwa kutamani kufia mahali penye jua na mandhari njema ni tamaa ya kibinadamu kabisa. Swali langu ni la mwenyeji.

Mwaka huo huo wa 1938, wakati nyumba ya Paxtu inatayarishwa, jirani zetu wa Machakos walikuwa katika msiba. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba ng'ombe wa Wakamba walikuwa wengi kupita kiasi na kwamba walikuwa wanaharibu ardhi, ikaamua kuwapunguza kwa nguvu. Mifugo ilikamatwa ikauzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari kimejengwa Athi River kuipokea. Wakamba waliuliza swali lililo wazi: je, ng'ombe ni wengi, au ardhi tuliyoachiwa ndiyo chache? Wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, waume kwa wake, vijana kwa wazee, walitembea hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Hatimaye serikali ililegeza kamba na kuacha kuwanyang'anya watu mifugo, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu kwa nguvu, akakaa kizuizini huko kwa miaka mingi.

Tafakari hayo, ewe msomaji. Katika mwaka mmoja na nchi moja, wanaume wawili walihama makwao. Mmoja alitoka Hampshire akaja Nyeri, mwingine alitolewa Machakos akapelekwa Lamu. Na Lamu nako kuna jua, tena kuna upepo wa bahari na minazi, hata watu wa mbali hulipa fedha nyingi kwenda kupumzika huko. Kwa Muindi palikuwa jela. Jua ni lile lile. Kilichowatofautisha watu hao wawili ni hiari. Mmoja alichagua pa kuishi, mwingine alichaguliwa.

Wala Muindi hakuwa peke yake katika kukosa hiari. Tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya mkebe. Kijana wa Migwani aliyetaka kwenda Nyeri wakati ule hangekwenda kuota jua. Angekwenda kama kibarua, na kipande chake kingeonyesha ameajiriwa na nani na ameachishwa lini. Mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ilithibitishwa kisheria, na Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba ndani yake. Baden-Powell hakuzitunga sheria hizo. Lakini mlango aliopitia ulikuwa wazi kwa sababu wengine walikuwa wamefungiwa.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba hayo ni ya kale na kwamba Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Ni kweli, na leo Muindi Mbingu ana barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi. Hata hivyo, mwenendo wenyewe haujafutika. Ukienda Malindi, Watamu au Diani utawakuta wazee wengi kutoka Ulaya waliohamia huko kwa ajili ya jua na bahari. Sheria yetu ya uhamiaji ya mwaka 2011 inawatambua: iko aina ya kibali kwa mgeni aliyetimiza miaka 35 ambaye ana mapato ya hakika naye hatafuti kazi. Nao vijana wetu wa Kitui wanaosafiri ng'ambo huenda Saudi Arabia, Qatar na kwingineko katika Ghuba, mahali penye jua kali kuliko la Migwani. Hawafuati jua. Wanafuata mshahara, na wengine wao hukabidhi pasipoti zao kwa mwajiri siku ya kwanza. Na yule anayetamani kwenda Ulaya sharti aonyeshe hesabu za benki na barua kadha wa kadha kabla ya kuruhusiwa hata kwa matembezi ya wiki mbili.

Sisemi tuwafukuze wazee wa Malindi, wala sisemi skauti waache kwenda Nyeri. Ukarimu ni sifa yetu, na chama cha skauti kimewajenga vijana wengi wa Kenya. Ninalowaomba walimu wenzangu ni kwamba, watakapowapeleka wanafunzi kwenye kaburi lile, wawasimulie maisha yote ya marehemu: Mafeking pamoja na Brownsea, Uwini pamoja na Paxtu. Kisha wawasimulie habari za Muindi Mbingu na mwaka wa 1938. Mwanafunzi atakayezijua habari zote mbili hatamchukia Baden-Powell, wala hatamwabudu. Atajua kwamba kuchagua pa kuishi ni haki ambayo wengine waliizaliwa nayo na wengine waliipigania kwa miguu, wakitembea kutoka Machakos hadi Nairobi.

Nanyi wanafunzi mnaoota ng'ambo, msione haya kuota. Lakini kabla ya kutia saini karatasi yoyote, jiulizeni swali moja: je, mnakwenda kwa hiari kama yule mzee wa Paxtu, mkiwa na uwezo wa kurudi mtakapo, au mnapelekwa? Na sisi wakubwa tujiulize letu: tumechimba mabwawa mangapi ya mchanga, tumepanda miti mingapi, ili mtoto wa Migwani akibaki nyumbani, jua lisiwe ndilo linalomfukuza?