Joe Louis na senti 50 za mama yake

Ndugu na dada wa Nakuru, mlioko nyumbani na mlioko mbali, kila mwaka kijitabu hiki huwaletea maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia. Kwa kuwa harambee ya mwaka huu ni ya klabu ya ndondi ya vijana wa mitaa yetu, tumemchagua Joe Louis wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzani mzito kuanzia mwaka 1937 hadi 1949.

Huenda wapo watakaouliza kwa nini hatukumwandika Philip Waruinge, bondia wa Nakuru aliyeleta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972. Waruinge tunamjua sote. Lakini ukumbi wa ndondi wa mji wetu wazee waliuita Madison Square Garden, kwa jina la ukumbi mkubwa wa New York. Katika ukumbi huo wa New York Joe Louis alipigana pambano lake la mwisho, na humo humo alitoa sadaka iliyokuja kumponza. Sisi tunaotunza hesabu za chama tumeona kwamba maisha yake yanajibu maswali mawili ambayo wanachama wametuuliza mwaka mzima: kwa nini tuchangie ndondi, na fedha zetu zitalindwaje.

Mtoto wa mashamba ya pamba

Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 karibu na mji wa LaFayette, katika jimbo la Alabama. Alikuwa mtoto wa saba kati ya wanane. Wazazi wake walilima pamba katika ardhi isiyokuwa yao, nao walikuwa uzao wa watumwa. Joe akiwa mdogo sana, baba yake alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakurudi tena nyumbani. Mama yake, Lillie, aliwalea watoto kwa jembe, kisha akaolewa na mjane aitwaye Pat Brooks, ambaye naye alikuwa na watoto wake.

Mwaka 1926 familia ilihamia Detroit kutafuta kazi katika viwanda vya magari, kama watu weusi wengi wa kusini walivyokuwa wakifanya wakati huo. Joe alikuwa na miaka 12. Alikuwa mpole, si msemaji, na masomo yalimwia magumu kwa sababu shule za kule mashambani zilikuwa hafifu. Hatimaye alipelekwa shule ya ufundi kujifunza useremala. Ulipokuja mdororo mkuu wa uchumi, kazi zilikauka, na familia ikaishi kwa msaada wa manispaa ya Detroit.

Katika dhiki hiyo, Mama Lillie alitenga senti 50 kila wiki ili mwanawe ajifunze kupiga fidla. Alitaka awe na kitu cha kumwepusha na magenge ya mtaani. Lakini rafiki mmoja alimpeleka Joe kwenye ukumbi wa Brewster, na huko zile senti 50 zikageuka kodi ya kabati la kuwekea nguo za mazoezi. Inasimuliwa kwamba glavu alizificha ndani ya mkoba wa fidla. Mama alipogundua hakumkataza. Alichotaka ni kijana wake awe na mahali pa kwenda, na mahali hapo palikuwa pamepatikana.

Ukumbi wa Brewster haukuwa wa tajiri wala wa kampuni. Ulikuwa mali ya mji wa Detroit, ukafunguliwa mwaka 1929 kwa ajili ya watu weusi wa upande wa mashariki, kwa sababu kumbi nyingine ziliwafungia milango. Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa watu hupenda kusema bondia hodari hujitengeneza mwenyewe. Joe Louis alitengenezwa na mama aliyekuwa na senti 50 na mji uliokubali kujenga ukumbi. Juhudi zilikuwa zake, ila mlango ulifunguliwa na wengine.

Kuanguka mara saba

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Joe hakuteleza, alianguka kabisa. Katika pambano lake la kwanza la ridhaa, mwaka 1932, alikutanishwa na Johnny Miler, bondia mzoefu ambaye mwaka huohuo alikwenda kuiwakilisha Marekani katika Olimpiki. Joe alipigwa chini mara saba. Baba yake wa kambo alimshauri aachane na mchezo atafute kazi, naye akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha Ford.

Baada ya miezi kadhaa alirudi Brewster. Hapo ndipo thamani ya ukumbi wa vijana inapoonekana. Aliyeshindwa alikuta mlango bado uko wazi na begi la kupigia bado linaning'inia. Hadi anamaliza ndondi za ridhaa alikuwa ameshinda mapambano 50 na kupoteza 4, na mwaka 1934 alikuwa bingwa wa taifa. Tarehe 4 Julai mwaka huo alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa mjini Chicago, akammaliza mpinzani katika raundi ya kwanza.

Mameneja wake wawili, John Roxborough na Julian Black, na mwalimu wake, Jack Blackburn, wote walikuwa watu weusi, na walijua kizingiti kilichokuwa mbele yao. Tangu Jack Johnson apoteze taji mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kulipigania taji la uzani mzito. Kwa hiyo walimwekea Joe masharti makali: asijigambe, asimcheke mzungu aliyeanguka, ulingoni apigane kwa haki. Masharti hayo mzungu hakuwekewa. Joe aliyashika, huku mikono yake ikifanya kazi ambayo ulimi ulikatazwa kuifanya.

Mwezi Juni 1935, wakati Italia ya Mussolini ikijiandaa kuivamia Ethiopia, Joe alimwangusha Mwitalia Primo Carnera, aliyekuwa mkubwa kumzidi kwa umbo, katika raundi ya sita. Watu weusi wa Marekani waliokuwa wakiihurumia Ethiopia waliona kama wamepata mtetezi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Juni 1936, Mjerumani Max Schmeling alimwangusha Joe katika raundi ya 12. Lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa wakati huo Wanazi walikuwa wakihubiri kwamba damu yao ni bora kuliko ya wengine.

Safari hii pia alirudi. Tarehe 22 Juni 1937 alimshinda James Braddock mjini Chicago na kutwaa taji, ingawa katika raundi ya kwanza Braddock ndiye aliyemtangulia kumpeleka chini. Mwaka mmoja kamili baadaye, mbele ya watazamaji wapatao 70,000 katika uwanja wa Yankee Stadium, alikutana tena na Schmeling, na pambano likaisha katika dakika 2 na sekunde 4. Alilitetea taji lake mara 25. Kijana aliyepigwa chini mara saba katika pambano lake la kwanza akawa mtu ambaye kila mpinzani aliogopa kuingia naye ulingoni.

Hesabu isiyokuwa na mlinzi

Hadithi nyingi za Joe Louis huishia hapo. Sisi tulio watu wa hesabu tunaona kwamba nusu yake haijasimuliwa.

Joe alikuwa mtu wa kutoa. Alipoanza kupata fedha, alirudisha kwa mji wa Detroit msaada ambao familia yake ilipewa wakati wa dhiki, ingawa hakuna aliyekuwa amemdai. Marekani ilipoingia vitani, alipigana na Buddy Baer mwezi Januari 1942 na kutoa malipo yake yote kwa mfuko wa kusaidia familia za wanamaji, ilhali jeshi hilo la majini halikuwapa watu weusi kazi zaidi ya jikoni na mezani. Mwezi Machi alipigana na Abe Simon na kutoa tena malipo yake, safari hii kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Mapambano hayo mawili yote yalifanyika Madison Square Garden. Yeye mwenyewe pia alikuwa askari, akafanya maonyesho 96 ya ndondi mbele ya wanajeshi wapatao milioni 2.

Idara ya kodi haikuiona sadaka hiyo kama sadaka. Fedha ambazo hakuzishika zilihesabiwa kuwa mapato yake, naye akadaiwa kodi. Juu ya hayo palikuwa na matumizi makubwa, mikopo, biashara zilizokufa, na mafungu ya mameneja na mwandalizi wa mapambano. Inakadiriwa kwamba ngumi zake zilizalisha zaidi ya dola milioni 4.6, na zilizomfikia mwenyewe zilikuwa kama 800,000 tu. Ukaguzi ulipokamilika mwaka 1950, alidaiwa zaidi ya dola 500,000 pamoja na riba na faini.

Alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1949. Deni lilimrudisha ulingoni. Alishindwa kwa pointi na Ezzard Charles mwaka 1950, na tarehe 26 Oktoba 1951, akiwa na miaka 37, kijana Rocky Marciano alimpiga hadi nje ya kamba katika raundi ya nane, humo humo Madison Square Garden. Mwaka huo kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 91, kwa hiyo hata alipopata fedha nyingi hazikutosha kuifikia riba. Deni lilivuka dola milioni 1. Mama yake alipofariki mwaka 1953 alimwachia urithi wa dola 667, nazo zikachukuliwa na idara ya kodi. Bingwa wa dunia akawa mcheza mieleka ili apate mkate.

Baadaye serikali ilikubali kumtoza kodi ya mapato yake mapya tu. Mwaka 1970 alilazwa kwa maradhi ya akili, na miaka yake ya mwisho aliajiriwa kuwapokea wageni katika hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas. Alifariki tarehe 12 Aprili 1981 akiwa na miaka 66. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington, na miongoni mwa waliochangia gharama za mazishi alikuwamo Max Schmeling, aliyekuwa mpinzani wake na baadaye rafiki.

Yanayotuhusu sisi

Tumeyaandika haya yote wazi kwa sababu tunajua baadhi yenu, hasa kina mama, mna wasiwasi na ndondi. Wasiwasi huo ni wa haki. Ndondi huumiza, na si kila kijana atakayeingia klabuni atafika Olimpiki. Wengi hawatafika, na hatuwachangishi kwa kuwaahidi medali. Tunachangia mahali ambapo kijana wa mtaani, ambaye saa kumi na moja jioni hana pa kwenda, atapokewa na mwalimu anayemjua kwa jina, atafundishwa kutii kengele, na akipigwa chini leo atakuta mlango uko wazi kesho.

Kuhusu swali la pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Joe Louis alikuwa na mwalimu wa ngumi aliye bora kuliko wote, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli kuhusu karatasi alizotia sahihi. Ndiyo maana bajeti mtakayoiona katika kurasa zinazofuata ina mafungu mawili. La kwanza ni la ulingo, glavu, kofia za kukinga kichwa, magongo ya mdomoni na uchunguzi wa daktari. La pili ni dogo, nalo baadhi ya wanachama walipendekeza liondolewe: somo la fedha kwa vijana kila Jumamosi baada ya mazoezi. Watafundishwa kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, kujua kodi inavyokatwa, kufungua akaunti na kuweka akiba. Tumelibakiza, na tunawaomba mlikubali.

Fedha za klabu nazo zitafuata sheria hiyohiyo. Kila mchango, uwe mkubwa au mdogo, utatolewa risiti yenye nambari. Kila hundi itatiwa sahihi na watu watatu, na mmoja wao atakuwa mzazi wa mtaani asiye mwanakamati. Hesabu zitakaguliwa na kuchapishwa katika kijitabu cha mwakani, zikiwa nzuri au mbaya.

Haba na haba hujaza kibaba. Mama Lillie hakuwa na dola ya ziada, alikuwa na senti 50. Tunamwomba kila mwana-Nakuru anayesoma ukurasa huu atoe alicho nacho kabla ya siku ya harambee, na amwandikishe walau kijana mmoja wa mtaa wake katika orodha iliyo nyuma ya kijitabu hiki. Michango itapokewa na mweka hazina. Msisahau kudai risiti.