Andrei Markov na Hesabu ya Herufi

Andrei Andreyevich Markov alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Ryazan, nchini Urusi. Utotoni aliugua goti, akawa anatembea kwa magongo mpaka alipofikia umri wa miaka kumi hivi. Shuleni hakusifiwa katika masomo mengi. Hisabati peke yake ndiyo iliyomvuta. Katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg alifundishwa na Chebyshev, na mwalimu wake huyo alipoacha kufundisha mwaka 1883, Markov alirithi somo la nadharia ya uwezekano.

Nguzo ya somo hilo ilikuwa kanuni ya namba kubwa, iliyothibitishwa na Jakob Bernoulli katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713. Sarafu ikirushwa mara chache, huenda ikaangukia upande mmoja tu. Ikirushwa mara elfu, pande zote mbili hukaribia kulingana. Lakini sarafu haina kumbukumbu: mrusho wa pili hautegemei wa kwanza hata kidogo. Je, kanuni hiyo husimama pia pale ambapo tukio moja hutegemea lililotangulia? Pavel Nekrasov, mwanahisabati wa Moscow, alishikilia mwaka 1902 kwamba haisimami, akalifungamanisha jambo hilo na hiari ya binadamu. Markov, mtu mkali ambaye hakuvumilia hisabati kuchanganywa na mahubiri, alijibu mwaka 1906 kwa uthibitisho. Alitunga mfuatano wa matukio yaliyoshikana kama pete za mnyororo, kila moja likitegemea lile lililo nyuma yake, na kanuni ikasimama vilevile. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaochunguza matukio ya bahati yanayobadilika kwa kadiri wakati unavyopita hukutana na minyororo hiyo mapema sana.

Hata hivyo alitaka mfano. Akachukua hadithi ya kishairi ya Pushkin, Yevgeny Onegin, akapanga herufi zake 20,000 za mwanzo katika miraba ya kumi kwa kumi, akazihesabu kwa mkono. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Kisha akatazama jozi. Irabu ilifuatwa na irabu nyingine kiasi cha mara 13 katika 100; konsonanti ilifuatwa na irabu kiasi cha mara 66 katika 100. Kama herufi zingekuwa kama sarafu, viwango hivyo viwili vingekaribia kulingana. Aliyatoa matokeo hayo mbele ya Akademia ya Sayansi mwezi Januari 1913.

Mwalimu mwanafunzi anaweza kuijaribu kazi hii ubaoni kwa Kiswahili. Neno “mwanafunzi” lina konsonanti sita. Nne hufuatwa na irabu, mbili hufuatwa na konsonanti. Irabu zake nne hazifuatani hata mara moja. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kusoma unatosha. Watoto wahesabu kwanza. Jina la nadharia lije baadaye, au lisije kabisa.

La ajabu ni kwamba mwaka 1915 Nekrasov alipopendekeza uwezekano ufundishwe katika shule za sekondari, Markov alipinga. Lakini darasa lenyewe hakulidharau. Mwaka 1917, akiwa mwanachuoni mashuhuri wa miaka 61, aliomba kupelekwa mji mdogo wa bara, akafundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Zaraysk bila mshahara. Miaka ya dhiki ilifuata. Mwaka 1921 aliiarifu Akademia kuwa hawezi kuhudhuria mikutano kwa kukosa viatu. Alifariki Petrograd mwezi Julai 1922. Toleo la nne la kitabu chake cha uwezekano lilitoka miaka miwili baadaye.