Roger Casement: alitetea Kongo, kaye zake za siri zikatumiwa kumumaliza

Wengi wanajua habari ya mikono iliyokatwa juu ya mupira wakati wa mfalme Léopold II. Wachache ndio wanajua mutu aliyeandikia serkali ya Uingereza habari hiyo, na namna serkali hiyo hiyo ilikuja kumugeukia.

Roger Casement alizaliwa karibu na Dublin, Ireland, tarehe 1 Septemba 1864, wakati Ireland ilikuwa chini ya Uingereza. Alifika Kongo mwaka wa 1884 akiwa kijana, akafanya kazi huko miaka mingi. Mwaka wa 1903, akiwa konsuli wa Uingereza kule Boma, alipanda mto mpaka Équateur. Alisikiliza wakaaji wa vijiji mmoja mmoja: wanawake waliofungwa mpaka waume walete mupira, watu waliopigwa, watoto waliokatwa mikono.

Ripoti yake ilitoka Februari 1904. Lakini kabla ya kuichapisha, wakubwa wake kule London waliondoa majina ya watu na ya vijiji, wakaweka herufi tu. Casement alikasirika sana, maana aliona ushuhuda umepunguzwa nguvu. Hata hivyo Léopold alilazimika kutuma tume ya uchunguzi, nayo ikahakikisha mambo hayo mwaka wa 1905. Mwaka wa 1908 Kongo ilitoka mikononi mwake, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Casement alifanya uchunguzi mwingine wa mupira kule Putumayo, katika misitu ya Amazon, na mwaka wa 1911 mfalme wa Uingereza akamupa cheo cha Sir. Lakini moyo wake ulikuwa kwa uhuru wa Ireland. Vita ya 1914 ilipoanza, alienda Ujerumani kutafuta silaha na askari. Aprili 1916 alirudi kwa manowari ya Wajerumani, akakamatwa siku ile ile aliyofika pwani ya Ireland. Tarehe 29 Juni korti ya London ilimuhukumu kunyongwa kwa kosa la kusaliti inchi.

Hapo ikaanza kampeni ya kuomba asamehewe. Mwandishi Arthur Conan Doyle, aliyekuwa ameandika pia juu ya mateso ya Kongo, alikusanya sahihi za watu wakubwa. Marekani pia, penye watu wengi wa asili ya Ireland, sauti zilipanda. Serkali ilikuwa na shida: ilihitaji Marekani katika vita.

Polisi walikuwa na kaye za Casement, zilizotoka katika mizigo yake. Moja ni ya 1903, mwaka ule ule wa safari yake ya Kongo. Ndani yake aliandika pia juu ya mahusiano yake ya mapenzi na wanaume, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati ule iliadhibu. Wakubwa wa polisi na wa upelelezi walipigisha kurasa hizo mashini, wakazionyesha kwa siri: kwa balozi wa Marekani, kwa wanasiasa, kwa watu wa kanisa, kwa waandishi wa habari. Magazeti kadhaa ya London yakaanza kusema kwamba mutu huyo hastahili huruma. Mwandishi mumoja Mmarekani alikataa kuzitumia, kwa sababu hakuruhusiwa kumuuliza Casement mwenyewe kama ni zake. Conan Doyle hakurudi nyuma. Wengine wengi walinyamaza.

Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Mifupa yake ilirudishwa Ireland mwaka wa 1965, ikazikwa kwa heshima ya taifa. Mwaka wa 2002 wataalamu walisema maandishi ya kaye ni yake, ingawa kuna wanaobisha mpaka leo.

Lakini kesi ilikuwa juu ya silaha na Ujerumani. Kaye hazikusomwa mbele ya majaji, basi hakupata nafasi ya kuzijibu. Majina ya wakubwa wa mupira yalifichwa kwa herufi; maisha yake yeye yalifunguliwa ukurasa kwa ukurasa. Wakati wa kampeni, karatasi ya siri ikianza kuzunguka, inafaa kuuliza kwanza: nani ameitoa, na kwa nini siku hii?