John Newton: Mzee Aliyejua Kumtia Moyo Kijana



Katika ukurasa huu wa watumishi waliotutangulia, mara hii tunamleta kwenu John Newton wa Uingereza. Wengi wanamfahamu kwa wimbo wake juu ya neema ya ajabu. Wimbo huo tuuache kando kwa leo. Tutazame jinsi alivyosema na watu waliochoka moyo, maana wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa akina mama hujiwa kila siku na watu wa namna hiyo, na neno la kiongozi laweza kumsimamisha mtu au kumwangusha.

Newton alizaliwa London tarehe 24 Julai 1725. Alifiwa na mama yake kabla hajatimiza miaka 7. Katika ujana wake alimtumikia mfanyabiashara wa watumwa katika pwani ya Sierra Leone, na huko akaugua, akadharauliwa, akaishi kwa makombo. Mwezi Machi 1748, akiwa njiani kurudi kwao, meli ilipigwa na dhoruba kali, naye akamlilia Mungu. Wahubiri wengi wakifika hapo husema kwamba mara moja aliacha biashara ya watumwa. Haikuwa hivyo. Baada ya dhoruba ile alikuwa nahodha wa meli za watumwa, tangu 1750 hadi 1754, na aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Moyo wake uligeuka polepole sana. Huenda ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kuwakemea wengine.

Mwaka 1764 alifanywa kasisi wa Olney, mji mdogo wenye maskini wengi. Huko alikuwako mshairi William Cowper, mtu aliyeteswa na giza la moyo hata kutaka kujiua. Mwaka 1773 hali yake ilipokuwa mbaya zaidi, Newton alimpokea nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Hakumwambia kwamba ana imani ndogo. Alizungumza naye, alitembea naye, na hata baada ya kuhamia London aliendelea kumwandikia barua. Cowper hakupona kabisa mpaka alipokufa mwaka 1800. Tunaliandika hili wazi, kwa sababu kati yetu wapo waliobeba mambo mazito tangu siku za vita, na kiongozi asidhani kwamba maneno yake mazuri yameshindwa eti kwa kuwa machozi hayajakauka.

Sasa tuje kwa kijana. Mwezi Desemba 1785 mbunge mmoja mwenye miaka 26, William Wilberforce, alikwenda kumwona Newton kwa siri. Aliogopa kuonekana, hata akazunguka nje kabla ya kupata ujasiri wa kuingia. Alikuwa ameguswa na Injili, naye alijiuliza kama inampasa kuacha siasa kabisa. Newton alikuwa na miaka 60. Alimkumbuka tangu utoto, kwa kuwa kijana huyo aliwahi kuja kusikiliza mahubiri yake.

Ndugu viongozi, hapo ndipo penye mtego. Kasisi gani hapendi kumpata kijana mwenye elimu na jina, amtumie katika kanisa lake? Newton hakumvutia kwake. Alimshauri abaki bungeni, akimwonyesha kwamba Mungu aweza kumtumia palepale alipo. Wilberforce akaondoka na moyo mwepesi.

Mwaka 1787 Wilberforce alianza kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Newton naye hakumwacha apigane peke yake. Mwaka 1788 alichapisha kijitabu akieleza maovu ya biashara ile na sehemu aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, ingawa aibu ilimpata. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu aache bahari. Alichelewa, hilo halifichiki, lakini ushuhuda wa nahodha wa zamani ulikuwa na uzito ambao maneno ya wengine hayakuwa nao.

Mwaka 1791 mswada ulishindwa, kura 163 kwa 88. Mwaka 1796 ulikosa kura 4 tu, na baadhi ya wabunge wa upande wake walikuwa wamekwenda kutazama onyesho la muziki usiku ule! Wilberforce alichoka, akafikiri kujiuzulu. Mwezi Julai mwaka huohuo Newton alimwandikia barua. Hakumwahidi ushindi. Alimkumbusha Danieli, mtu aliyechukuliwa uhamishoni, akafanya kazi katika serikali ya ugeni, akawa mwaminifu katika kazi yake, na adui zake wasimweze.

Wilberforce akabaki. Mwezi Februari 1807 Bunge lilipiga kura 283 kwa 16, na tarehe 25 Machi ikawa sheria. Iliwahusu Waingereza tu. Kwetu huku misafara ya watumwa kutoka Manyema kupitia Ujiji ilikuwa bado mbele, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873.

Newton alikuwa mzee wa miaka 81, macho yake hayaoni vizuri, lakini alikuwa hai siku sheria ile ilipotiwa sahihi. Alifariki tarehe 21 Desemba 1807.