Kitereza wa Ukerewe: mzee aliyesubiri kitabu chake miaka 35

Ukipanda meli Mwanza kwenda Nansio, unakwenda kisiwa alichozaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Alitoka ukoo wa watawala wa Ukerewe. Mapadri walimsomesha Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alisoma mpaka Kilatini. Upadri hakuufikia. Alimwoa Anna, na watoto waliowapata walifariki wangali wadogo.

Hilo la watoto usilisahau. Riwaya yake inaanza na Myombekere na Bugonoka, mtu na mkewe waliokosa mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno, wakwe wanamchukua binti yao, na Myombekere anahangaika kumrudisha, mpaka kupika pombe ya ndizi na kuwapelekea wakwe. Nikiisoma naona aliyeandika anaijua nyumba isiyo na kilio cha mtoto.

Aliyemtia moyo aandike ni rafiki yake, Padri Almas Simard kutoka Kanada. Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, ili mila za wazee zisipotee pamoja na lugha yao. Lakini nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Karatasi zikakaa nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja Mmarekani, Gerald Hartwig, kutafiti historia ya Ukerewe, pamoja na mkewe Charlotte. Nyumba hizi mbili zikawa marafiki. Mzee akashauriwa akigeuze kitabu kwa Kiswahili. Alikuwa amepita miaka 70, naye akakaa akakitafsiri mwenyewe, chote. Wageni waliporudi kwao, urafiki uliendelea kwa barua. Wakati huo hakukuwa na simu ya kupiga ukauliza kitabu kimefikia wapi, unaandika, unasubiri.

Tanzania Publishing House ndiyo iliyokubali kukitoa. Kilichapwa China, kikiwa na mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi.

Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza. Aliyekitafsiri kwa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake, naye mtoto wa Ukerewe. Yeye alirudi kwenye zile karatasi za Kikerewe za mwaka 1945.