Kiapo cha Charles Bradlaugh

Charles Bradlaugh alizaliwa London mwaka 1833, mwana wa karani wa mwanasheria. Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi alifundisha watoto dini siku za Jumapili katika kanisa la Kianglikana. Akijitayarisha kwa kipaimara, alizisoma Injili akakuta mambo asiyoweza kuyapatanisha na mafundisho aliyopewa. Akamwandikia kasisi wake kumwomba msaada. Kasisi akamsimamisha kufundisha, akawaambia wazazi wake kwamba kijana wao aelekea kumkana Mungu. Wakati ule alikuwa hajamkana. Alikuwa ameuliza tu. Punde akaondoka nyumbani.

Akawa askari, kisha karani, na mhubiri mkali wa ukana Mungu. Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua kuingia Bunge. Aliomba kutoa ahadi ya kweli pasipo kulitaja jina la Mungu, akanyimwa. Alipokubali kuapa, akazuiwa pia, kwa sababu kiapo cha asiyesadiki si kitu. Alifungwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge, na mwaka 1881 akatolewa nje kwa nguvu. Wapiga kura wake walimrudisha mara kwa mara, hata akaketi mwaka 1886. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria aliyoipigania, inayomruhusu mtu kuthibitisha bila kuapa. Alifariki tarehe 30 Januari 1891.

Yatupasa kukiri kwamba Kardinali Manning na wabunge Wakatoliki wengi wa Ireland walikuwa miongoni mwa waliompinga, ingawa Wakatoliki wenyewe walifungiwa mlango wa Bunge lile lile kwa viapo mpaka mwaka 1829.

Binti yake Hypatia aliiendeleza kazi ya baba mpaka alipofariki mwaka 1935. Na leo je? Katika sensa ya mwaka 2021, watu 37 katika kila 100 wa England na Wales walijiandika kuwa hawana dini. Si wote wanaomkana Mungu. Lakini twaona tofauti kubwa: Bradlaugh aliifikia njia yake kwa kuisoma Biblia, akailipia kwa nyumba, kazi na kifungo. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba isiyomtaja Mungu hakatai kitu. Ameyarithi mawazo ya wazazi kama anavyorithi shamba, pasipo kuuliza limelimwaje.

Nasi tusijivune. Wangapi kati yetu wameirithi imani vivyo hivyo? Kilichorithiwa bila kufikiriwa, kiwe imani au ukanaji, huanguka kwa upepo wa kwanza. Basi wazazi na makatekista, kijana ajapo na swali gumu, msimwone adui. Mketisheni, mjibuni, na msipojua, tafuteni pamoja naye. Swali moja lililojibiwa kwa adhabu katika mtaa wa London lilizaa mambo makubwa.